Barua ya Asilimia Mia

Mchungaji alipomaliza kusoma matangazo ya ndoa alivua miwani, akaifuta kwa upindo wa joho, akasema limebaki tangazo moja, nalo ni la furaha. Binti wa usharika huu, Anneth Ebenezer Mbise, amepata ufadhili wa asilimia mia moja kwenda kusoma uuguzi katika chuo kikuu kimoja cha binafsi huko Dar es Salaam. Kanisa zima la Poli likapiga makofi. Akina mama wa kwaya wakapiga vigelegele. Penina, mama wa binti, aliinamisha kichwa, machozi yakamdondokea kwenye kitenge, na wanawake wa benchi la nyuma wakamshika mabega.

Upande wa wanaume, benchi la tatu, mtu mmoja hakupiga makofi, naye alikuwa baba mzazi wa binti. Ebenezer alikishika kitabu chake cha nyimbo kwa mikono yote miwili, kama mtu anayeegemea mlango usifunguliwe kutoka nje. Maneno yale alikwisha kuyasikia. Miaka mitano nyuma, mchungaji huyuhuyu, mimbari hiihii: asilimia mia moja. Siku ile jina lililosomwa lilikuwa la Elinami, mtoto wake wa kwanza, na Ebenezer alipiga makofi mpaka viganja vikamwaka moto. Sasa Elinami alikuwa amelala kihambani, nyuma ya nyumba, baina ya migomba, na ilikuwa imepita miaka miwili na ushee.

Nje ya kanisa watu walipanga foleni kumpa mkono. "Hongera sana, Baba Elinami! Mungu amekufuta machozi." "Baba Elinami, nyumba yako ina bahati na vyuo!" Alijibu asante, asante, huku akitazama viatu vyao. Watu wa Poli hawakuacha kumwita kwa jina lile, wala yeye hakujua angewaambia nini ili waache. Kila salamu aliyopewa barabarani ilimtaja marehemu kwanza, ndipo ikamfikia yeye.

*

Nyumbani, baada ya chakula, barua mbili ziliwekwa mezani. Ya chuo cha Dar es Salaam ilikuwa ya karatasi nzito inayong'aa, na juu yake kulikuwa na picha ya wanafunzi waliovaa majoho wakicheka. Katikati, kwa wino wa rangi ya dhahabu, ilikuwa imeandikwa tarakimu ya mia. Barua ya pili ilikuwa ukurasa mmoja uliokunjwa mara nne, wenye muhuri uliokaa upande. Hiyo ilitoka ushirika wa kahawa. Mfuko wa elimu wa ushirika ulikuwa tayari kumlipia mtoto wa mwanachama asilimia sitini ya gharama zake zote katika chuo cha serikali Dodoma, ambako Anneth alikuwa amechaguliwa kusoma uuguzi uleule, mpaka atakapohitimu, ilimradi asifeli.

Muda ulikuwa mfupi. Aliyechaguliwa na vyuo viwili alitakiwa athibitishe kimoja kwa kutumia namba aliyotumiwa kwenye simu, na mwisho ulikuwa Ijumaa saa kumi na mbili jioni. Anayechelewa hukosa vyote.

"Mimi sioni hata tunachokalia kikao," alisema Penina, akikusanya sahani. Alikuwa mwanamke mrefu, mwepesi wa kucheka zamani, na wiki hii kicheko kilikuwa kimeanza kumrudia. "Mia na sitini. Hata mtoto wa chekechea anajua ipi kubwa."

"Isome tena," Ebenezer alimwambia binti yake.

"Nimeshakusomea mara mbili, baba."

"Isome kwa Kiswahili. Yote. Na yale maandishi madogo ya chini."

Anneth alikuwa na miaka ishirini, mtaratibu, wa kupima neno kabla hajalitoa. Aliisogeza barua kwenye mwanga wa dirisha. "Chuo kinafurahi kukutunuku ufadhili wa asilimia mia moja ya ada ya masomo kwa mwaka wa kwanza. Ufadhili utaendelezwa kila mwaka kulingana na matokeo na masharti ya chuo. Gharama nyingine zitamhusu mwanafunzi."

"Masharti gani?"

"Hayakuandikwa hapa. Wamesema yapo kwenye tovuti yao."

"Gharama nyingine zipi?"

"Hawajasema, baba."

"Basi usikubali."

Penina aliziweka sahani chini polepole. "Sababu?"

Ebenezer alifumbua mdomo. Sababu alikuwa nayo. Alikuwa nayo kwa miaka miwili na ushee, imemkaa kifuani kama mwiba wa samaki, haishuki wala haipandi. Alichoweza kutoa kilikuwa kingine. "Siipendi Dar."

"Dar ndiyo iliyomuua mwanangu? Elinami aliuawa na homa ya mapafu. Homa hata hapa Poli ipo, na baridi ya mlima huu ni kali kuliko ya kule." Alimgeukia mumewe uso kwa uso. "Kwa nini unataka kumnyima huyu alichokipata mwenzake? Mtoto amekusomea maneno ya Kizungu, umekaa unayachokonoa kama kuku. Sema sababu, Baba Elinami."

Ebenezer alichukua kofia yake akatoka, akaenda kusimama zizini.

Mle zizini kulikuwa na mtamba mwekundu, sasa ng'ombe mzima wa maziwa. Penina alikuwa akijiuliza kwa muda mrefu kwa nini mumewe, mtu aliyelelewa kwa maziwa, alianza ghafla kunywa chai ya rangi. Alidhani ni tumbo. Lakini Ebenezer hakuweza kumeza maziwa ya ng'ombe yule, kwa sababu alijua alinunuliwa kwa fedha gani.

Siku moja, Elinami akiwa mwaka wa pili chuoni, Ebenezer alikuwa ametoka kupokea malipo ya pili ya kahawa, laki nne taslimu, bado zimo kwenye mfuko wa shati. Simu ikalia. Mtandao wa pale ushirika ni mbaya, na kila mtu anayepiga huanza kwa kuuliza swali lile lile. "Baba, unanisikia?" Alikuwa Elinami. Alihitaji laki tatu na themanini. Asipolipa kabla ya Jumatatu hataruhusiwa kufanya mtihani.

"Wewe si umelipiwa mia?" Ebenezer alimjibu, na wanaume waliokuwa kwenye foleni ya malipo walikuwa wakisikiliza, naye aliongeza sauti kidogo ili wasikie jinsi baba anavyomnyoosha mtoto. "Mia ni yote. Mia haina salio. Hizo unazotaka ni za nini, za pombe au za wasichana?"

Kwa muda alisikia tu kelele za watu wa upande wa pili, honi, mtu akiuza maji. Kisha Elinami akasema, "Basi, baba. Nilikuwa najaribu tu. Nisalimie mama."

Wiki iliyofuata Ebenezer alinunua mtamba.

Ukweli aliupata nje ya chumba cha maiti, huko Dar es Salaam, kutoka kwa kijana aliyeitwa Mika aliyekuwa akikaa chumba kimoja na marehemu chuoni. Mwaka wa kwanza Elinami alifaulu vizuri, ila si kwa alama walizotaka wafadhili. Wakamwondoa kwenye ufadhili. Si kumwondoa tu. Wakamwandikia deni la ada ya mwaka uliopita, ile waliyosema ni zawadi. Mwaka wa pili aliusoma kwa kubangaiza. Alipokosa ile laki tatu na themanini alizuiwa mlangoni pa chumba cha mtihani, akaondoka chuoni asirudi. Miezi minane alichanganya zege kwenye majengo ya Goba, akalala humohumo kwenye majengo, na kila Jumapili alimpigia mama yake simu akimwambia ndiyo kwanza ametoka maktaba. Kifua kilipombana, bima ya chuo ilikuwa imekatika zamani. Alisubiri apone mwenyewe.

"Mama yake asijue," Ebenezer alimwambia Mika siku ile, akimshika mkono kwa nguvu. "Apa." Kijana akaapa. Kwenye mazishi, wasifu wa marehemu ulisomwa kwamba alikuwa mwanachuo wa mwaka wa tatu, na watu walipouliza mbona chuo hakikutuma hata mtu mmoja, Ebenezer alijibu kwamba wako likizo.

*

Jumanne alishuka mjini, akaenda Moshono kwa mdogo wake. Abdiel alikuwa na duka la vifaa vya ujenzi, kubwa, lenye milango mitatu, na ndiye aliyekuwa nguzo ya ukoo katika mambo ya fedha. Ebenezer alikwisha kwenda ofisi ya ushirika, dada mmoja pale akamsaidia kupiga hesabu kwenye karatasi. Gharama zote za Dodoma kwa mwaka, yaani ada, chakula, hosteli, vitabu na mafunzo ya hospitalini, zilifika milioni tatu na laki sita. Ushirika ukitoa sehemu yake, baba angebaki na milioni moja, laki nne na arobaini elfu. Mkopo wa serikali wangeomba; ukitoka ni heri, usipotoka wasiwe wameutegemea.

"Shikamoo, kaka," alisema Abdiel bila kuinuka, akihesabu vitasa. "Subiri kidogo, nimalizane na hawa."

Alisubiri. Alikalia mfuko wa saruji, na kila mteja alipohitaji saruji kijana wa duka alimwomba mzee asogee. Alisogea mara nne. Saa nzima ilipita ndipo Abdiel akamgeukia, na hata hapo wateja wawili walikuwa bado kaunta.

"Nimesikia habari njema. Mia kwa mia! Nimewaambia watu wote hapa."

"Ndiyo iliyonileta. Nataka aende Dodoma. Kwa ile ya ushirika."

Abdiel alisikiliza mpaka mwisho, kichwa kikiwa upande. Kisha akacheka, akawatazama wateja kana kwamba anawaomba ushahidi. "Ngoja nielewe. Umekuja kukopa fedha ili ukatae fedha za bure?"

"Si za bure, Abdiel."

"Zimeandikwa mia. Kwa wino wa dhahabu, mtoto amenitumia picha. Kaka, sikia. Mimi ni mdogo wako, nitakwambia wasichokwambia wengine. Watu wanasema tangu mtoto afariki kichwa chako hakijatulia. Unakunywa chai kavu, hucheki, mtoto anapigiwa makofi kanisani wewe umekaa. Sasa unataka kumzibia riziki binti kwa sababu ya hofu zako?"

Mmoja wa wateja, mwanamke aliyekuja kununua rangi, alitazama pembeni kwa aibu. Ebenezer alisikia maneno yakipanda kooni, Elinami hakuwa mwanachuo, maneno matatu tu, akaona sura ya Penina, akayameza.

"Alhamisi nitakuja na wazee wawili," alisema Abdiel. "Tukae kama ukoo, utueleze. Ukitueleza tukaelewa, mimi nitatoa. Usipoeleza, mtoto athibitishe Dar." Akafungua droo, akatoa noti ya elfu tano, akamnyooshea mbele ya wale watu. "Nauli, kaka."

Aliipokea. Nauli ya kurudi hakuwa nayo.

Alikuwa bado hajavuka barabara simu ilipolia mfukoni. Aliweka sikioni bila kuangalia namba.

"Baba, unanisikia?"

Alishika nguzo ya umeme. Jua lilikuwa kali, bodaboda zilikuwa zikipita, na yeye alikuwa amerudi kwenye ile foleni ya ushirika, laki nne zikimchoma kifuani. Alitaka kusema ninazo, ninazo hapa mfukoni, nazituma sasa hivi.

"Baba? Ni mimi Anneth."

"Nakusikia, mama."

"Baba mdogo amenipigia. Baba, nisikilize usikasirike. Nimeamua kuthibitisha Dar. Najua mnaogopa, lakini sitaki muuze ng'ombe kwa ajili yangu, wala sitaki ukakae madukani kwa watu. Nitajitahidi kusoma. Kaka aliweza, na mimi nitaweza."

"Subiri Alhamisi," alisema Ebenezer. Kisha akasema neno ambalo hakuwahi kulisema kwa mtoto wake yeyote. "Nakuomba."

*

Alhamisi saa kumi walikaa barazani. Abdiel alikuja na gari lake na wazee wawili wa ukoo. Penina aliwahudumia loshoro, mahindi yaliyochanganywa na maziwa ya mgando, kwenye vibuyu, akakaa kwenye kigoda karibu na mlango, mikono mapajani. Anneth alikaa karibu na mama yake, simu mkononi, ile namba ya kuthibitishia imeandikwa kwenye kiganja kwa kalamu.

Abdiel ndiye aliyefungua mazungumzo. Alisema kwa heshima, lakini kwa namna ya mtu ambaye jibu analo tayari. Mtoto ana nafasi mbili. Moja inalipiwa yote, nyingine nusu na kidogo. Mama anataka ya kwanza, mtoto mwenyewe anataka ya kwanza, usharika umeshaitangaza. Baba peke yake anakataa na hasemi kwa nini. "Sisi tumekuja kusikia," alimaliza. "Kaka, tueleze."

Ebenezer alisimama. Alikuwa amejiandaa kuzungumzia hesabu, ile karatasi ya ushirika ilikuwa mfukoni. Aliitoa, akaikunjua, herufi zikacheza. Akaikunja tena.

"Elinami hakufa mwanachuo," alisema.

Mzee mmoja alikuwa amenyanyua kibuyu, kikabaki hapohapo hewani.

"Alikuwa ameshatoka chuoni. Na yeye alikuwa na barua kama hii, mia kama hii. Ilikuwa mia ya ada tu, na ya mwaka wa kwanza tu. Alama zikapungua kidogo, wakamkata, wakamdai na walizokwisha kumpa. Hakutuambia. Alikuwa anabeba zege. Amekufa kwenye jengo la mtu, hana bima, hana kitanda. Nilijua siku nilipokwenda kumchukua, nikawadanganya wote. Wasifu ule uliosomwa niliuandika mimi."

"Baba," alisema Anneth kwa sauti ndogo.

"Sijamaliza. Alinipigia." Aligusa mfuko wa shati. "Aliniomba laki tatu na themanini afanye mtihani. Nilikuwa nazo. Zilikuwa hapa, mfukoni. Nikamwambia mia haina salio. Nikamwambia anataka za pombe. Nilimwambia mbele za watu. Na zile fedha nikanunulia yule ng'ombe."

Alikaa. Kwa muda kilichosikika ni ng'ombe mwenyewe, akitafuna majani ya migomba nyuma ya nyumba.

Watu wote walikuwa wakimtazama Penina. Alikuwa amenyooka kwenye kigoda chake, macho makavu. "Alisema nini ulipomnyima?" aliuliza. "Neno kwa neno."

"Mama Elinami..."

"Neno kwa neno."

"Alisema, basi, baba. Nilikuwa najaribu tu. Nisalimie mama."

"Na hukunisalimia," alisema Penina.

Alinyanyuka, akaingia ndani, akafunga mlango bila kuubamiza. Abdiel alianza kusema kitu kuhusu mapenzi ya Mungu, mzee wa upande wake akamgusa goti anyamaze.

Ni Anneth aliyesogea. Machozi yalikuwa yakimtiririka lakini mikono ilikuwa imara. Aliichukua barua ya dhahabu, akatafuta namba ya simu chini yake, akapiga, akaweka sauti ya nje katikati ya vibuyu. Dada mwenye sauti ya uchangamfu akapokea, akamkaribisha chuoni, akampongeza.

"Nauliza, dada. Ufadhili wangu unahitaji wastani gani ili uendelee mwaka wa pili?"

"Nne nukta tano na kuendelea, mpenzi."

"Kati ya tano?"

"Ndiyo, kati ya tano."

"Nikipata nne nukta nne?"

"Hapo unaendelea na masomo kama kawaida, ila kwa kujilipia."

"Na ile ada ya mwaka wa kwanza mliyonisamehe?"

Dada alisita. "Inakuwa sehemu ya deni lako, maana umeshindwa masharti. Lakini usiwaze hivyo, wewe una ufaulu mzuri!"

"Gharama nyingine kwa mwaka ni kiasi gani?"

Aliorodheshewa: usajili, maabara, mitihani, bima, sare, mafunzo ya hospitalini, milioni moja na laki moja na nusu. Hosteli laki sita. Chakula juu yake mwenyewe. Anneth aliandika kwenye mgongo wa ile picha ya wanafunzi wanaocheka, akashukuru, akakata simu. Aliweka chakula cha milioni moja na nusu, kilekile alichohesabiwa baba yake kwa Dodoma, akajumlisha.

"Milioni tatu na laki mbili na nusu," alisema, akimgeukia Abdiel. "Hiyo ndiyo tunayolipa mwaka wa kwanza, ule wa bure, baba mdogo. Dodoma ni milioni moja na laki nne na ushee, na haibadiliki mpaka mwisho. Sitini ya vitu vyote ni kubwa kuliko mia ya kitu kimoja."

Abdiel aliichukua karatasi, akaisoma yeye mwenyewe, midomo ikitembea. Alikuwa mtu wa biashara. Hesabu ikishakaa mbele yake hakuweza kubishana nayo. "Kwa nini hatukupiga simu kama hii kwa Elinami?" aliuliza. Hakuwa akimlaumu mtu. Alikuwa anauliza kweli.

"Tulikuwa tunapiga makofi," alijibu Ebenezer.

Anneth alithibitisha Dodoma palepale, akisoma tarakimu kwenye kiganja. Ujumbe wa kupokelewa uliporudi hakuna aliyepiga kigelegele.

*

Ng'ombe aliuzwa laki tisa kwenye mnada wa Jumamosi. Abdiel alileta laki tano mwenyewe, mpaka nyumbani, ndani ya bahasha, akaitoa kwa mikono miwili. Elfu arobaini zilizobaki walitoa wale wazee. Mchungaji alipelekewa taarifa kwamba tangazo lilikosewa, naye Jumapili akalisahihisha kwa ufupi, na safari hii watu walitazamana, kisha habari yote ikaenea Poli yote kabla ya chakula cha mchana. Wapo waliomwonea Ebenezer huruma. Wapo waliovuka barabara wasikutane naye.

Penina hakumwacha wala hakumgombeza. Alimpikia, alimwekea maji ya kuoga, alifua mashati yake. Lakini aliacha kumwita kwa jina la mtoto. Alimwita Mbise, kama karani wa ushirika na watu wanaomdai wanavyomwita. Usemi wake ulikuwa mfupi: Mbise, chakula. Mbise, unaitwa. Anneth alipoondoka kwenda Dodoma, na nyumba ikabaki na watu wawili, Penina alikuja akasimama mbele ya mumewe akiwa amevaa viatu vya safari.

"Nipe namba ya Mika, yule kijana aliyekaa chumba kimoja na mwanangu."

"Unataka nini kwake?"

"Nataka kuona."

"Niende na wewe."

"Hapana," alisema Penina. "Wewe ulishakwenda."

Alikaa Dar es Salaam siku nne. Siku hizo Ebenezer alipalilia kahawa ambayo haikuwa na magugu. Mara mbili alisikia mtu akikohoa kwenye chumba cha Elinami, kikohozi kile cha kujizuia usiwaamshe watu, naye mara zote mbili aliacha jembe, akaenda, akafungua mlango, akasimama akitazama kitanda kilichotandikwa. Hakushangaa kukikuta kitupu. Alichokiogopa ni kwamba mara ya pili alikuwa amekimbia.

Penina alirudi Ijumaa mchana, vumbi mpaka magotini. Hakwenda kubadilisha nguo. Alivuta kigoda, akaweka sinia la ndizi mbichi mapajani, akashika kisu akaanza kumenya, na Ebenezer akabaki amesimama uani asijue kama ameruhusiwa kukaa.

"Nimeliona jengo," alisema baada ya ndizi tatu. "Limeshaisha. Wanakaa watu, wana mapazia. Chumba alichokuwa akilala sasa ni jiko. Mama mwenye nyumba alinikaribisha niingie, nikasimama pale jikoni kwake, akanipa maji."

Ebenezer alisogea hatua moja, akasimama tena.

"Na niliwaona wale mafundi aliofanya nao kazi. Wawili bado wako Goba. Walimpenda. Walimwita Mwanachuo." Kisu kilisimama kidogo, kikaendelea. "Niliwauliza, alikuwa akisema nini juu yetu? Wakaniambia alisema anabeba zege wakati wa likizo tu, kwa mazoezi. Kwamba hana shida ya ada. Kwamba kwao kuna kahawa, na baba yake ndiye anayemlipia kila kitu."

Ndizi iliyomenywa aliitumbukiza kwenye maji, akachukua nyingine.

"Sikulileta neno hili likupoze," alisema. "Wala sikulileta likuumize. Nimelileta kwa sababu ni lako, na mimi siwezi kukaa na kitu chako nikakificha."

Ebenezer aliketi chini, palepale kwenye vumbi la uani, karibu na miguu ya mke wake. Mawingu yalikuwa yameteremka kutoka mlimani na kuifunika migomba ya juu. Baada ya muda Penina alichukua kisu cha pili kutoka kwenye sinia, akamsogezea upande wa mpini, na yeye akakipokea, akaanza kumenya.